Sikio la Kulia Limetoka Nje

...na umeme nao, katika saa zote za Mungu, ukachagua kukatika hapo hapo, mashine ikakoroma ikafa juu ya sikio la kulia, feni ikajivuta ikasimama, na fundi magari akabaki mbele ya kioo, upande mmoja nywele zote alizozifuga tangu ujana, upande wa pili kumeng'aa kama sahani, na katikati ya mng'ao limechomoza sikio, jamani, sikio pana, la kusimama, lisilo na haya, limekaa kama mgeni aliyekuta kiti kizuri... "Umeme utarudi sasa hivi, baba," anasema mke wa kinyozi, ambaye leo kashika zamu kwa sababu mumewe anaumwa jino, na ndipo palipoharibika, maana mumewe alijua, punguza juu, masikio usiyafunue, hayo ni makubaliano ya wanaume wawili ambayo hayajawahi kutamkwa, na huyu mama kaambiwa punguza, kapunguza... utarudi sasa hivi, haya, na mlango wa pili, studio ya picha, ukoo mzima unamngoja, mkewe, binti yake, wakwe, na mjukuu mchanga, picha ya kwanza ya mtoto mikononi mwa babu, na babu ni jagi. Jagi, ndilo jina walilompa shuleni, kwa sababu mwalimu wa hesabu alikuwa akimnyanyua kwa sikio hili hili kila jibu lilipokataa, na majibu yalikuwa yakikataa sana, mtu mwingine angelia, yeye akafuga nywele, na nywele zikamkubali, hilo mpeni, nywele zilizowasahaulisha wasichana wa mtaa mzima walikokuwa wakienda, mkewe mwenyewe aliolewa na nywele, masikio kayakuta baadaye, bwana harusi katoka kuoga zimelowa zimelala, bibi harusi akayatazama moja moja, akasema, "Kumbe mko watatu"... "Unajua," anasema mke wa kinyozi, anampepea kwa gazeti, "una masikio ya mtu anayesikia." Anayesikia, atamwambia nini huyu, yeye aliyemwambia dereva wa lori kwa simu, lori likiwa mji mwingine, kwamba beringi ya gurudumu la nyuma imeanza kulia, dereva akacheka, kufika kwenye mteremko gurudumu likampita, likamtangulia mpaka sokoni, watu wakasema fundi ana kipaji, na hakuna aliyeuliza kipaji chenyewe kinaning'inia wapi... halafu yule mtoto, siku ya kuletwa nyumbani, kofia kuvuliwa tu, mama mkwe wa binti yake akainama, akatazama, akasema, "Haya masikio kayatoa wapi, kwetu hayapo," chumba kizima kikaanza msako, shangazi huyu, mjomba yule, hadi marehemu wakasingiziwa, na yeye kasimama dirishani chini ya nywele zake, anatazama mawingu kama mtaalamu wa mvua... na tangu siku ile binti anamfunga mtoto utepe kichwani, eti yalale, yazoee, na yeye utepe ule anaujua, mama yake mwenyewe alikuwa akimfunga kitambaa kila akilala, na kila asubuhi kitambaa kikifunguliwa nayo yanafunguka, pa, kama mwavuli... "Nina kofia ya mume wangu hapa, vaa, ukapige picha, urudi nikumalizie," na kofia imeshatua magotini, kofia ya maana, ya kuingia mpaka kwenye nyusi, kaokoka, Mungu mkubwa, anainyanyua, na hapo hapo sikio lile, tupu, halina pazia, linaanza kazi bila kuombwa, linasikia jenereta la duka la mbali linakohoa, plagi chafu hiyo, linasikia mpiga picha anaburuta kiti nyuma ya ukuta, mkewe anauliza, "Huyu mzee ananyolewa au anasukwa?", linasikia mtoto analia, kilio chembamba, na binti yake, chini chini, sauti ambayo chini ya nywele asingeipata, "Tulia mwanangu, ni utepe tu, tulia, utoke mzuri kwenye picha"... utoke mzuri, ina maana sasa hivi yukoje, nani kamwambia si mzuri, nani, mwalimu wa hesabu alikufa zamani, si yeye, ni nani basi aliyekuwa dirishani akihesabu mawingu... anatazama kioo, sikio linamtazama, mwalimu kalivuta, mama kalifunga, mwenyewe kalificha, nalo limeendelea kuwasikiliza wote bila kinyongo, na ukilitazama bila haraka si baya, lina mikunjo kama kazi ya fundi ambaye hakuwa akikimbizwa na mteja... "Umeme haurudi huu, baba, vaa tu kofia." "Mkasi unao?" "Mkasi upo." "Basi njoo huku kushoto," anasema, anamrudishia kofia yake, "na usiogope, likitokeza, ndilo lenyewe"... na mama anatafuta mkasi kwenye droo, na feni imesimama vile vile, mashine imekufa vile vile, na nyuma ya ukuta mtoto bado analia, anamsikia, anamsikia vizuri sana.