Koki Avua Barakoa

Watu wa Voi walikuwa wamesahau barakoa zamani, lakini Koki, fundi wa nguo karibu na soko, alikuwa bado anavaa yake. Elijah, aliyeuza viatu mlango wa pili, alipenda kumtania. "Mama, corona ilienda na kafyu. Wewe unamngojea nani?"

Koki alicheka naye na kuendelea kukanyaga cherehani. Alikuwa amechoka kueleza kila mtu kwamba mumewe, Josephat, aliishi kwa figo aliyopewa na kaka yake, na kwamba dawa za kuilinda figo hiyo zilikuwa zimeupunguzia mwili wake kinga. Daktari alikuwa amewaambia wazi kwamba homa ambayo mwingine huimaliza kwa chai ya tangawizi ingeweza kumzika Josephat.

Basi Shanice, binti wa dada yake Mbula, akapata mchumba, na harusi ikapangwa Njukini. Josephat akasema hataenda. "Nenda wewe. Huyo mtoto ni wako pia."

Siku ya harusi Koki alikaa pembeni mwa hema, uso umefunikwa, akisikia minong'ono. Mmoja alisema ana kifua kikuu. Mwingine akasema ni maringo ya watu wa mjini. Ilipofika zamu ya picha za familia, Mbula akaja kumshika mkono.

"Mdogo wangu, picha hii itakaa ukutani kwangu mpaka nife. Toa kidogo tu."

Sauti ya Mbula ilikuwa inakwaruza. Alisema ni vumbi na vigelegele. Koki akamtazama Shanice, aliyekuwa akimwita huku anatabasamu, akaivua barakoa. Baada ya picha kukawa na pilau, na baada ya pilau watu wakakumbatiana, na kwa muda huo wote Koki alijisikia mwepesi, kama amerudi kwa watu wake baada ya safari ndefu.

Wepesi huo ulimtoka njiani. Aliposhuka Voi hakwenda nyumbani. Alifungua duka, akampigia Josephat simu.

"Nilikaa pale harusini na barakoa mfukoni, Josephat. Niliivua."

Josephat akauliza, "Kwa nini?"

"Nilitaka kuwa kama wengine. Sasa naogopa kuja huko."

"Kaa hapo basi," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira. "Nitakuletea blanketi."

Homa ilimshika kabla wiki haijaisha. Alipopimwa kliniki, ikawa ni corona. Muuguzi mwenyewe alishangaa kidogo, kwa kuwa siku hizi hakuna anayeulizia kipimo hicho. Koki akalala kwenye godoro kati ya vitambaa, mwili ukimuuma kama aliyelima shamba zima. Josephat alikuwa akiweka uji mlangoni, kisha anavuka barabara na kukaa upande wa pili ili waongee kwa simu wakiwa wanaonana.

Elijah alimwona amekaa pale juani, akamuuliza kulikoni. Josephat akamweleza habari ya figo. Elijah aliingia dukani kwake. Alimpelekea kiti na mwavuli, na tangu hapo akawa anamchotea Koki maji na kuyaacha mlangoni.

Mbula alikuja dukani wakati Koki ameanza kupata nafuu. Alikuwa na kikapu cha ndizi na maharagwe, na kikohozi kilikuwa bado hakijamwacha. Nusu ya wageni wa harusi, alisema, walikuwa wamelala wagonjwa.

"Lakini mimi bado nasema ni homa tu," aliongeza, akisimama mbali na mlango. "Corona iliisha."

"Sawa, dada," Koki akajibu kutoka ndani. Hakuwa na haja ya kubishana.

Mbula akageuka, akamwona Josephat ng'ambo ya barabara, amekonda, shati linampwaya mabegani. Akamtazama kwa muda mrefu.

"Shemeji hajaugua?"

"Mpaka leo, Mungu ametusaidia."

Mbula alianza kuvuka barabara ili amsalimie kwa mkono, kama ilivyo desturi. Akafika katikati, akasimama. Akarudi nyuma hatua kadhaa na kukohoa kwenye leso.

"Shemeji," aliita, "nisamehe, nitakusalimia nikiwa huku."

Josephat akainuka kwenye kiti, akampungia mkono. Wakaulizana hali kwa sauti kubwa, pikipiki zikipita kati yao, na kila zilipopita walingoja kidogo, kisha wakaendelea.