Goti la Kushoto la Lavonte Pruitt

Jumatatu ya wiki ya soko la wachezaji huru, Renata Szymanski alisimama mbele ya ubao wa chuma akitafuna kalamu. Kila mchezaji wa klabu ya futiboli ya Kimarekani ya Toledo alikuwa na sumaku yake ubaoni yenye jina, na chini ya jina, mshahara. Kazi ya Renata ilikuwa kuhakikisha mishahara yote ikijumlishwa haizidi kikomo cha ligi ifikapo Jumatano saa kumi jioni. Klabu ilikuwa imezidi. Nje theluji ya Machi ilikuwa imegeuka tope, na mtu wa usafi alikuwa akimwaga chumvi mlangoni.

Alikuwa ameshafanya yote yafanywayo. Wenye mikataba mirefu alishawabembeleza wakubali mshahara wa mwaka huu uitwe zawadi ya kusaini, upate kugawanywa kwenye miaka ijayo. Miaka ijayo haikuwa na mtu wa kuitetea, kwa hiyo haikumnyima usingizi. Lakini Curt Haldane, meneja mkuu, alimtaka Broussard, mdakaji wa mipira kutoka New Orleans, na Broussard hakuwa wa bei ya kutupa.

"Ren, nitafutie nafasi," Curt alisema, "la sivyo msimu huu mipira utadaka wewe."

Renata aliutazama ubao. "Yupo Pruitt. Akiwa mgonjwa, tunamlipa mwaka mzima na upasuaji juu. Akifaulu vipimo vya daktari, tunamwacha bure."

Aliyasema hayo kwa sauti ile ile anayoagizia kahawa. Lavonte Pruitt alikuwa mlinzi wa kushoto wa mstari wa mbele, pande la mtu, na kwa miaka minane alikuwa amepigana vikumbo ili mrusha mpira asiguswe. Mwezi Desemba goti lake la kushoto lilialika kama kuni kavu, na mashabiki wa ng'ambo ya uwanja wakasikia. Jengo zima lilijua. Watu walikuwa wakimpisha kwenye ngazi.

Jumanne daktari wa klabu, Feldkamp, alilibonyeza goti lile, lililokuwa limeumuka kama mkate, akaandika kwamba ni zima.

Katika klabu hizi hakuna anayetamka neno kufukuzwa. Anakuja mzee mmoja wa kuita watu na kusema, "Kocha anakutaka, na uje na tableti yako." Mbinu zote za timu zimo kwenye tableti, kwa hiyo anayeambiwa aje nayo ameshaelewa. Lavonte alikifuta kioo kwa shati lake, kikang'aa, ndipo akaikabidhi.

Jumatano Renata aliibandua sumaku ya Lavonte ubaoni. Alipogeuka, goti lake mwenyewe la kushoto lilikuwa limevimba hata suruali imembana. Hakuwa amejikwaa popote. Curt aliingia akichechemea, mguu ule ule.

"Na wewe?" Renata aliuliza.

"Na mimi. Daktari ndiyo usiseme, yuko kwenye magongo."

Wakarudi kwenye hesabu, maana saa kumi ilikuwa imekaribia.

Broussard alishuka kwenye ndege akiwa mzima wa afya. Alisaini, akaweka kalamu mezani, na goti likajaa. Daktari Feldkamp aliegemea gongo lake, akalibonyeza, akaandika kwamba ni zima. Picha za magazeti zilipigwa mchezaji akiwa ameketi. Mwenye klabu naye alilipata goti hilo akiwa likizo Florida, akapiga simu kuuliza kama wamefanikiwa. Kabla ya wiki kwisha klabu ilikuwa imejenga mteremko wa mbao kando ya ngazi na kununua mashine ya pili ya barafu.

Ijumaa, kwa kuwa ilikuwa Kwaresima, Renata alikwenda kula samaki wa kukaanga katika ukumbi wa parokia ya Wapolandi. Lavonte alikuwa pale, kama kila mwaka. Alimwangalia akija kutoka mlangoni.

"Bi Renata, hilo goti langu hilo. Nalijua mwendo wake."

"Pole, Lavonte."

"Pole ya nini? Wewe umelipata bwerere, mimi nimelihangaikia miaka minane!" Alicheka, akamvutia kiti. "Sikiliza. Kupanda ngazi, tanguliza zima. Kushuka, tanguliza baya. Ukikosea utabusu sakafu."

"Lako limepungua?" Renata alitumaini kwamba maumivu yakigawanywa kwa wengi hupungua.

"Limepungua wapi! Liko pale pale."

Chama cha wachezaji kilikuwa kimefungua shauri dhidi ya klabu kwa niaba yake. Bila upasuaji asingecheza tena, na bila mshahara ule upasuaji ungekula nyumba yake.

"Mwamuzi wa shauri atauliza neno moja tu, mlijua au hamkujua," Lavonte alisema. "Curt atakana. Daktari atakana. Nimebaki na wewe. Wewe sema tu."

"Nitasema," alijibu Renata, na alimaanisha.

Shauri lilisikilizwa mwezi Juni, ghorofa ya pili ya jengo la zamani lisilo na lifti. Garini Curt alimwambia Renata, bila kugeuza uso, "Mkataba wako unakwisha mwezi ujao, Ren. Tutaongea." Wakapanda ngazi wakichechemea, na mwanasheria wa klabu nyuma yao, ambaye alikuwa amelisoma jalada jana yake tu, alikuwa akichechemea pia.

Mwamuzi peke yake ndiye aliyetembea sawasawa. Alikuwa muungwana. Alimpa Renata kiti cha pili cha kuwekea mguu, na mfuko wa barafu.

"Siku Pruitt alipoachwa," aliuliza, "ulijua goti lake ni bovu?"

Maji ya barafu yalikuwa yakichuruzika kwenye soksi. Lavonte alimtikisia kichwa taratibu, kama mtu anayemtia moyo mtoto juu ya baiskeli.

"Daktari aliandika ni zima," alisema Renata.

"Hilo tumelisoma. Nakuuliza wewe."

"Mimi ni mtu wa hesabu tu, mheshimiwa."

Mwamuzi aliandika jibu hilo. Alipoinuka kwenda kula chakula cha mchana, alikuwa akichechemea.

Ngazi zilikuwa na reli upande mmoja tu. Lavonte alikuwa ameshaishika, mguu hewani, alipomsikia Renata nyuma yake. Aliiachia, akajibana ukutani, akampisha.

Renata aliona aibu kubwa. Alishika reli, akatanguliza baya kama alivyofundishwa, na hakuanguka.