Baluni Zisizofika Jioni

Jumanne saa nne asubuhi Bosibori alikuwa ameshafunga baluni kumi na mbili kwenye kamba ya nguo aliyoivuta sebuleni, zote za mviringo, zote za inchi kumi. Nne nyekundu zilitoka soko la Daraja Mbili, ambako humwagwa juu ya gunia kando ya mitumba. Nne za bluu zilitoka kwa Salat, mwenye duka la vitu vya sherehe mjini Kisii. Nne za manjano zilitoka duka moja la vitabu Nyamira, na pakiti yake ilikuwa na picha ya mtoto anayecheka. Alizijaza kwa pampu ya mkono, mapigo ishirini na mawili kila moja, kisha akazizungushia uzi tumboni na kuukata palipokutana. Kila saa alirudi na nyuzi zake kuona ni ipi iliyolegea.

Wapambaji wengine huchagua baluni kwa rangi. Yeye alichagua kwa kungoja. Mgeni wa heshima akiandikwa saa nne hufika saa kumi, na akiwa mkubwa zaidi hufika saa kumi na mbili. Baluni iliyojazwa alfajiri lazima imkute ikiwa bado na sura ya baluni. Nyekundu za Daraja Mbili zilikuwa na mpira mwembamba unaoonyesha kidole upande wa pili, na kufikia saa sita zilikuwa zimekunjamana. Za Nyamira zilijaa vizuri, lakini shingo zake fupi zilikataa fundo, na mbili zikapasuka bila kuguswa na mtu. Za Salat zilikuwa na pete nene mdomoni, zikafika jioni zikiwa zimepoteza upana wa kidole kimoja tu.

Ya kumi na tatu haikuwa kwenye kamba. Ilikuwa nyeupe, ilikaa hewani karibu na dari, bila uzi, bila gesi, ikiwa na hewa ile ile iliyotiwa mwezi wa tatu mwaka wa 2016. Hiyo Bosibori hakuipima. Alipimia nyingine kwayo.

Ilipulizwa na Edinah, binti yake wa kwanza. Zahanati iliyo juu ya kilima chao, mwendo wa nusu saa kwa boda kutoka Kenyenya, ilikuwa inafunguliwa kwa mara ya kwanza. Pampu ikavunjika, na Edinah, mimba yake ikiwa ya miezi saba, akapuliza sitini kwa mdomo. Mgeni alifika saa kumi na moja kasoro robo. Alikata utepe, akasema hakuna mama wa kilima hiki atakayezalia njiani tena. Wiki saba baadaye Edinah alifika kwenye mlango huo akaukuta umefungwa, kwa sababu mwenye ufunguo alikuwa semina Naivasha. Alikufa kwenye kibaraza, yeye na mtoto. Nyumbani baluni nyeupe, ya mwisho iliyobaki katika zile sitini, ilikuwa imenywea ikawa kama chungwa. Jioni hiyo ilijaa tena ikapanda darini, na majirani waliokuja kuomboleza waliinamisha vichwa kidogo kuipisha.

Zahanati ilifunguliwa tena mwaka wa 2019, ilipopakwa rangi, na tena mwezi wa sita 2022, kabla ya uchaguzi. Tarehe hizi ziko. Anayetaka kuzisahau na azisahau. Mara zote mbili aliyepamba ni Bosibori, kwa sababu upande huo hakuna mpambaji mwingine, na kwa sababu kila mara aliamini kidogo.

Baluni yenyewe haikuwa na usumbufu. Boda ikipita na mwanamke mjamzito kuelekea Kisii, ilisogea dirishani mpaka mlio wa pikipiki uishe, kisha ikarudi mahali pake. Mwaka fulani Bosibori alimpelekea Salat aione. Salat aliishika shingo, akaigeuza kwenye mwanga wa mlango.

"Mama Edinah, hii si mzigo wangu. Angalia mdomo, hauna pete. Hii ni ile ya gunia, mbaya kabisa."

"Najua."

"Sasa imekaaje? Niambie kiwanda, wallahi nitaagiza katoni."

"Kiwanda ni mimi, Salat. Nilimzaa 1994."

Salat akamwekea pakiti moja ya bluu juu ya mzigo wake.

Sasa ulikuwa ufunguzi wa nne, na Ashley, mdogo wake Edinah, alikuwa na mimba ya miezi minane na nusu. Aliketi sebuleni akimsaidia mama yake kukata nyuzi. Pampu ilipokwama alichukua nyekundu moja akaipeleka mdomoni.

"Weka chini."

"Mama, aki ni moja tu. Huyu ananipiga mateke kama mtu ameonyeshwa kadi nyekundu. Wacha na mimi nifanye mazoezi."

"Ashley. Weka hiyo baluni chini."

Akaiweka. Bosibori akaifungua pampu, akapaka mafuta ya kupikia ndani, akaendelea na hesabu yake ya mapigo.

Mchana alikuja Thadeus, afisa wa sherehe kutoka ofisi ya kaunti, na faili lake kwapani. Alipita chini ya kamba akizibonyezabonyeza baluni kama mtu anayechagua maparachichi.

"Madam, zitafika?"

"Za bluu zitafika saa kumi na mbili. Mheshimiwa je?"

"Mheshimiwa akisema saa nne, ni saa nne."

Thadeus akafungua faili, akalifunga tena.

"Na muuguzi?" Bosibori akauliza.

"Muuguzi ako kwa mpango."

"Huo mpango unakuja na ufunguo? Huyu binti yangu unamwona. Hana mwezi."

"Madam, wewe shughulika na baluni, sisi tutashughulika na afya." Thadeus akatazama darini. "Na hiyo nyeupe iwe mbele, hapo kwa mlango. Hiyo haijawahi kutuangusha."

Ijumaa alfajiri vitanda viwili na mtungi wa oksijeni vilishushwa kutoka kwenye lori na kupangwa ndani ya zahanati. Bosibori alijenga tao la bluu mlangoni, baluni mia mbili, na nyeupe ikaja yenyewe ikakaa katikati. Kwaya ya Wasabato iliimba kuanzia saa tano. Saa tisa baluni za upande wa jua zilianza kulegea. Saa kumi na moja mwimbaji wa besi aliketi chini. Jua lilipoegemea kilima, kwaya ilifunga vitabu ikaenda nyumbani, kwa kuwa Sabato ilikuwa inaingia, na Bosibori na Ashley wakaenda nayo.

Mheshimiwa alifika saa kumi na mbili na dakika arobaini. Alikata utepe mbele ya walinzi wake, wapiga picha, na watu wa makanisa mengine. Tao lilikuwa limenywea lote isipokuwa nyeupe. Aliishika kwa mikono miwili akapigwa picha nayo.

"Mnaona hii?" alisema. "Hii ndiyo kazi ya kudumu tunayowaambia kila siku."

Watu wakapiga makofi. Vitanda na mtungi vikapandishwa kwenye lori lile lile, kwa kuwa Jumatatu kulikuwa na ufunguzi mwingine. Mlango ukafungwa kwa kufuli jipya. Jumamosi, watu wakiwa kanisani, nyeupe ilirudi nyumbani peke yake na kuingia kwa dirisha la jikoni.

Ashley alishikwa na uchungu Jumapili saa mbili asubuhi, wiki mbili kabla ya siku yake. Duke, mwendesha boda wa jirani, alimbeba kumpeleka Kisii, Bosibori nyuma akimshikilia, na baluni ikawafuata kwa kimo cha vichwa vyao. Walipofika mbele ya zahanati Ashley alisema hawezi kwenda mbele hata hatua moja. Wakamshusha. Bosibori akatikisa kufuli, halafu akapiga simu.

"Madam, ufunguo uko ofisini," Thadeus akajibu. "Na leo ni Jumapili."

"Ashley anazaa hapa mlangoni."

"Pole sana. Lakini si mlifunguliwa juzi?"

Bosibori alikata simu. Alitandika leso zake mbili juu ya simenti ya kibaraza, chini ya tao la baluni zilizosinyaa, mahali pale pale. Hakusema ni mahali pale pale. Ashley alijua.

"Mama, usiniangalie hivyo," Ashley akasema kati ya maumivu. "Mimi si yeye."

"Sukuma, mwanangu. Maneno baadaye."

Mtoto alikuja saa tatu na robo. Alikuwa wa kike, wa bluu kama baluni za Salat, na hakupumua. Bosibori alimfuta pua na mdomo, akamgeuza, akamsugua mgongo, akampulizia mara mbili kwa kinywa chake, na pumzi yake, iliyokuwa ya mwanamke wa miaka hamsini na nane aliyepanda na kushuka kilima hicho maisha yake yote, haikutosha. Duke alizima pikipiki. Ashley akaanza kuuliza, "Analia? Mama, mbona halii?"

Nyeupe ilishuka ikakaa kwenye paja la Bosibori.

Fundo lilikuwa na miaka tisa. Alilifungua kwa meno. Akabana shingo kwa vidole, akaweka mdomo wa baluni kwenye mdomo wa mtoto, akaachia kidogo kidogo, kama mtu anayemnywesha dawa. Ilichukua muda. Ile baluni ilipungua ikawa kama chungwa, kisha kama limau, kisha ikawa kipande cha mpira mkononi mwake. Mtoto alikohoa. Kisha akalia, kwa sauti kubwa kuliko umbo lake.

"Ana mapafu huyu," Duke alisema, akawasha pikipiki.

Hakuna aliyeuliza mtoto ataitwa nani. Aliitwa Edinah kabla hawajafika nyumbani.

Jumatatu Thadeus alikuja mapema, kwa sababu ile nyeupe ilihitajiwa kwenye ule ufunguzi mwingine, mpakani na Nyamira. Bosibori alimwonyesha mpira.

"Madam! Imekuwaje?"

"Imetumika."

"Imetumika kwa kazi gani?"

"Kazi ya zahanati."

Thadeus alitazama mpira, akamtazama mtoto aliyelala kwenye beseni lenye shuka, akamwuliza Ashley alizaa saa ngapi na mtoto ana kilo ngapi. Ashley alidhani ni adabu, akamjibu. Thadeus akaandika. Ripoti ilipotoka, ilisema kwamba siku mbili tu baada ya kufunguliwa, zahanati ilikuwa imemhudumia mzazi wa kwanza, kwa mafanikio, mama na mtoto wakiwa salama. Picha ya mheshimiwa na baluni ndiyo iliyokuwa kwenye jalada. Muuguzi, ilisema, ako kwa mpango.

Tangu hapo wanawake wa kilima hicho, mimba ikifika miezi saba, huja kwa Bosibori na baluni. Kila mmoja hupuliza yake kwa mdomo, huandika jina juu yake kwa kalamu, na Bosibori huitundika kwenye ile kamba ya nguo. Mwanzoni alikataa. Kisha alichoka kukataa. Baluni ikinywea na kuanguka, anajua mwenye jina yuko mzima, na huitupa kwenye moto akiimba kidogo.

Kwa hiyo hakuna anayetaka nzuri. Miezi saba iliyopita Bosibori alienda dukani kwa Salat na kuuliza mbaya kuliko zote alizo nazo.

"Hizi ni za gunia, mama, nilichukua Daraja Mbili kwa bahati mbaya," Salat alisema. "Zinanywea kabla ya jioni. Nikikuuzia hizi nitakuwa nimekudanganya."

"Ndizo hizo."

Akazinyosha moja moja mezani, akitafuta nyembamba zaidi, zile zinazoonyesha kidole upande wa pili. Alichukua pakiti tatu.

Leo kamba ina ishirini na sita. Nyingi zimelegea, na mbili zilianguka asubuhi akiwa anafagia. Darini, juu ya kamba, kuna nyingine mbili, ya kijani na ya waridi, bila uzi, bila gesi, kama ile nyeupe. Ya kijani imemaliza miezi minne. Zote mbili zilitoka kwenye pakiti hizo hizo.