Msamaha wa Asubuhi na Jioni

Kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, Mektrida alitoa chupa ya insulini kwenye chungu cha mchanga mbichi nyuma ya mlango, akaiviringisha kati ya viganja mpaka dawa ikachanganyika, akavuta kipimo chake kwenye bomba la sindano, akafinya nyama ya tumbo na kujichoma. Kisha alichukua kalamu ya risasi iliyoning'inia kwa uzi ukutani na kuweka alama kwenye kadi ya kliniki. Jioni alifanya vilevile. Kadi ilikuwa na safu mbili, ya "Nimechoma" na ya "Sikuchoma". Safu ya "Dawa haikuwepo" haikuchapishwa, labda wino uliisha.

Hapo ni Kirua Vunjo, mlimani kwa Wachagga, mwaka 1994, wakati watu waking'oa mibuni na kupanda nyanya, na kila mwenye chumba kilichotazama barabara akifungua duka. Mke wa Daktari Ildefonce wa kituo cha afya naye alifungua la kwake, la dawa, huko Pasua mjini Moshi. Lilikuwa na jokofu la mlango wa kioo, na ndani yake insulini ilipangwa vizuri kabisa. Mara moja Filbert, mumewe Mektrida, aliuza mbuzi akanunua chupa moja huko. Kwenye karatasi ya chupa maneno "Mali ya Serikali, haiuzwi" yalikuwa yamekwanguliwa kwa ukucha, lakini aliyekwangua hakuwa na subira na neno "haiuzwi" lilibaki lote. Jambo hilo halikuwa siri. Mke wa daktari alikuwa mtu wa watu, na harusini alichangia vizuri.

Jokofu la kituo cha afya lilikuwa zima pia. Lilihifadhi chakula cha mchana cha daktari.

"Njoo Jumatano," alisema Sista Sophia, muuguzi wa kliniki ya sukari, kila chupa ya Mektrida ilipoisha. Alilisema kwa huruma ya kweli, maana hakuwa na neno jingine la kutoa.

Asubuhi ya kwanza bila dawa, Mektrida alitoka uani na kukuta jani moja la isale limejifunga fundo.

Masale, mimea ya majani marefu, yalipandwa mbele ya nyumba na kuzunguka kihamba chote, shamba la nyumbani, kama kwa watu wote wa mlimani, kuonyesha mpaka wa migomba ya huyu na ya yule. Lakini jani la isale lililofungwa fundo ni habari nyingine. Aliyemkosea mwenzake hulifunga, hulipeleka mpaka mlangoni kwa aliyemkosea, na huyo hana ruhusa ya kulikataa. Hata kama ulichomewa nyumba, ukiletewa isale unalipokea, unasamehe, na maneno yanaishia hapo. Mchagga anaweza kukataa mengi, lakini si hilo.

"Nani amemkosea nani?" aliuliza Bibi Elizabeth, mama mkwe wake, akiligeuza fundo kwa fimbo yake.

"Mimi sijui, Mama. Nimelikuta."

Filbert alikuja akiwa na mswaki mdomoni. Alilitazama jani, akamtazama mkewe, akasafisha koo. "Mama Lucky, nimekusamehe," alisema. Hakuuliza kosa. Alikuwa na makosa yake kadhaa ambayo hakutaka yaingizwe kwenye mazungumzo, na aliona hapo amepata nafuu.

Jioni jani la pili lilijifunga. Kesho yake yakajifunga mawili mengine, moja wakati wa chai na moja kuku walipoingia bandani. Mafundo yalikuwa nadhifu, ya kukazwa sawasawa, na majirani waliopita waliyasifu. Insulini ilipopatikana tena, majani yalitulia. Ilipoisha, yaliendelea pale yalipoishia. Mektrida aliilinganisha kadi na masale akaona vinakwenda pamoja bila kosa. Alichoka kuweka alama kwenye "Sikuchoma", maana aliona ni kama kutia sahihi uongo, akaacha kuijaza kadi na kuyaachia masale kazi hiyo.

Wakati huo mguu wake wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Alikanyaga mwiba wa mchongoma asijue, na alijua tu nzi walipoanza kumfuata. Kidonda kilikataa kupona. Jioni alikiona kilele cha Mawenzi kikiwa na ukungu hata siku ambazo wengine walisema anga ni safi. Aliogopa. Lucky, binti yake, alikuwa darasa la sita, naye Mektrida alitaka kumwona akimaliza shule kwa macho yake mwenyewe, akiwa amesimama kwa miguu miwili. Hakuwa akiomba zaidi ya hapo.

Jumatano iliyofuata alikata majani yote yaliyojifunga, akayafunga kwa kamba ya mgomba, akayabeba mpaka kliniki.

Daktari Ildefonce alikuwa akikagua kadi. Hakuwa mtu mkali. Aliwaonya wagonjwa kwa sauti ya padri aliyeshiba.

"Mama Lucky, kadi yako ina mapengo. Umesahau kuchoma tena."

"Sikusahau, daktari. Dawa haikuwepo. Hizi hapa ndizo siku zenyewe."

Akaweka mzigo wa masale juu ya meza.

Daktari aliyatazama mafundo. Kisha alisimama, akavua miwani, akafunga kifungo cha koti lake jeupe, akaupokea mzigo kwa mikono miwili. Alizaliwa Masama, Mchagga vilevile, na alilelewa vizuri.

"Nimekusamehe, mama," alisema.

"Sikuja kuomba msamaha."

"Usiongeze neno. Isale limepokelewa." Macho yake yalikuwa na machozi kidogo. "Wangapi wana unyenyekevu wa namna hii siku hizi?"

Sista Sophia, ambaye kwao ni Pasua na mambo ya masale aliyajua kwa kusikia tu, alikohoa. "Daktari, anachosema ni kwamba insulini hakuna."

"Hata hilo nimemsamehe," alisema daktari.

Mektrida alirudi nyumbani na ganzi yake, akiwa amesamehewa mara mbili.

Habari ilienea. Ilibainika kuwa masale yalikuwa yakijifunga pia kwa wagonjwa wengine wa sukari, ila kila nyumba ilikuwa imenyamaza, ikidhani ni aibu yake. Sasa waliyaleta. Daktari aliwapokea mmoja mmoja na hakumkemea tena mtu yeyote kuhusu mapengo. Kila mtu alikubali kwamba kliniki imekuwa na utu. Liliwekwa pipa mlangoni la kutilia masale, kisha la pili. Mkaguzi alipokuja kutoka mjini aliandika kwamba ushirikiano kati ya wagonjwa na watumishi ni wa kupigiwa mfano. Alipewa soda, na ilikuwa baridi sana, maana ilitoka kwenye jokofu la insulini.

Ili kuwapunguzia wagonjwa mzigo, daktari aliagiza masale yapandwe kwenye kituo chenyewe, kuanzia getini mpaka chini ya dirisha la jokofu. Mvua zilikuwa nzuri na yalishika upesi.

Katika miezi hiyo Mektrida alikatwa vidole viwili vya mguu katika hospitali kubwa. Aliporudi, Bibi Elizabeth alimkalisha kwenye jua, akamwekea mguu juu ya kigoda, akamletea bakuli la kitawa, uji wa ndizi, bila sukari. Kisha bibi aliyageukia masale ya uani, ambayo yalikuwa yameongezeka mafundo hospitalini walipokuwa wakimtafutia dawa.

"Mama Lucky, sisi tumekuwa wajinga," alisema. "Isale linapelekwa kwa nani?"

"Kwa aliyekosewa."

"Na haya yamefungwa mlangoni kwa nani?"

Mektrida aliacha kunywa. Aliyatazama masale, jani kwa jani, na hasira ilimpanda polepole mpaka masikioni. Mwaka mzima alikuwa akiombwa msamaha kila asubuhi na kila jioni, na yeye alikuwa akiyakata na kuyapeleka kwa mkosaji ili amsamehe. Alicheka. Kisha alilia, kwa sauti, na hakujali nani aliyepita njiani.

"Nitalikataa," alisema.

"Huwezi," alisema Bibi Elizabeth, naye uso wake ulikuwa mkavu kwa uchungu. "Na mimi natamani ungeweza."

Jumatano Mektrida alikwenda kliniki kwa magongo, na Filbert alimshika mkono kwenye mteremko. Getini walikuta wagonjwa wamesimama. Usiku wa kuamkia siku hiyo masale ya kituo yalikuwa yamejifunga yote, hakuna jani lililobaki limenyooka. Yale ya chini ya dirisha la jokofu yalikuwa yamejifunga mafundo mawili mawili.

Daktari Ildefonce alitoka kizingitini. Aliyatazama masale kutoka mwanzo mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Ndugu zangu," alisema, "kumbe mmekosea kiasi hiki."

Akafunga kifungo cha koti, akanyoosha mikono miwili, akawasamehe wote kwa pamoja ili kuokoa muda. Watu wengine walisema aika, yaani asante. Mtu mmoja alipiga makofi, kisha akaona yuko peke yake na akaacha.

Mektrida alisogea mpaka kwenye jani la mwisho, chini ya dirisha. Alisimama hapo kwa magongo yake. Alitaka kugeuka. Alitaka kulikanyaga kwa mguu uliobaki mzima. Filbert alisikia meno ya mkewe yakisagana.

"Nimelipokea," alisema kwa sauti ya kusikika, akimtazama daktari usoni. "Nimesamehe."

"Vema, mama," alisema daktari, ambaye alidhani ni aina ya shukrani.

Mektrida alipanga foleni. Zamu yake ilipofika, Sista Sophia alishindwa kumtazama.

"Insulini imekuja?"

"Njoo Jumatano, mama yangu."

Jokofu lilifunguliwa nyuma ya Sista, daktari akatoa chakula chake.

Jioni ile, huko nyumbani, Mektrida alichemsha bomba na sindano kama kawaida, akavifuta, akavirudisha kwenye kopo vikiwa safi na vitupu. Kuku walikuwa wakiingia bandani. Alichukua magongo yake, akatoka uani kuombwa msamaha wa jioni.