Ndoa ya Bima

Kwetu Nkololo ndoa ni ng'ombe. Ukishapeleka ng'ombe ukweni na wazee wakaridhika, mke ni wako, anayetaka karatasi akaitafute mwenyewe. Ndivyo nilivyoamini, na ndiyo maana nimekwama.

Mke wangu Esteria figo zake zimefeli. Asiposafishwa damu kila wiki, nampoteza. Mimi Ngassa ni mkulima wa pamba, bima sina. Novatus, mwalimu niliyekua naye, ana bima ya kazini na hana mke. Tukapatana: mimi nimpe mtamba, yeye amwandikishe Esteria kama mkewe. Ofisi ya bima ikataka cheti cha ndoa. Nikawapeleka bomani kwa pikipiki yangu mwenyewe, wakafungishwa ndoa, nami nikatia sahihi kama shahidi. Tulirudi tunacheka njia nzima. Karatasi iniibie mke? Thubutu.

Majuzi Novatus akaja, hata usoni haniangalii. Akasema ofisi ya bima inakagua wategemezi, na afisa atapita nyumbani kwake Bariadi mjini. Asipomkuta Esteria akiishi pale, kadi inafungwa.

"Inabidi ahamie kwangu," akasema.

Damu ikanichemka. Nikaenda kwa wakili mjini, nikamwambia nataka mapatano yavunjwe na mtamba wangu arudi.

Wakili akavua miwani. "Mapatano ya kuidanganya bima ni batili tangu siku mliyoyafanya. Mahakama haitakurudishia hata mkia wa huyo mtamba."

"Na mke?"

"Ukithibitisha kwamba ulimwoa kwanza kwa ng'ombe, ndoa ya bomani nayo ni batili. Mkeo unampata. Lakini kadi inakufa siku hiyohiyo, na nyote watatu mnashtakiwa kwa udanganyifu."

"Kwa hiyo nikishinda kesi, mke wangu anakufa."

Akavaa miwani yake. Wakili mzima, na shule yote ile, akaanza kupanga makaratasi mezani.

Nikamhamisha Esteria mimi mwenyewe, kwa basi. Njiani alilia, akasema bora afie nyumbani kwetu. Nikamkemea, halafu na mimi nikalia, wala sioni aibu kusema. Nilimchukia Novatus, nikaichukia bima, nikajichukia na mimi.

Afisa alitukuta kesho yake asubuhi, kabla sijarudi Nkololo, tunakunywa chai kwa Novatus.

"Mwangaluka," akasalimia. Msukuma mwenzetu, mchangamfu. Akakagua kadi, akakagua cheti, akatupia macho nguo za Esteria zilizoanikwa uani. Kisha akanigeukia.

"Na huyu ni nani?"

Novatus akainamia kikombe chake. Esteria akanitazama mimi.

"Kaka yake," nikasema.

"Ahaa. Basi ng'ombe uliwapokea wewe."

"Niliwapokea."

"Wote? Maana walimu hawa kwa kukopa ng'ombe tunawajua."

Alikuwa anatania tu.

"Wote. Hatumdai kitu. Mke ni wake."

Esteria akaweka kikombe chini, akainuka, akaingia ndani. Afisa akajaza fomu yake, akaridhika, akanishika bega.

"Kaka, cheti kinasema kwenu ni Nkololo, nami napita huko. Twende nikusogeze na gari, tuwaache wenye nyumba yao."

Nikapanda.