Nakala ya Tatu ya Baba

Dobi alikuwa akipiga pasi kola za sare za shule pale baba yake, marehemu, alipoanza kulalamika kwenye kigoda kwamba miwani mipya inambana. Dobi hakuwa amemnunulia miwani yoyote. Kaka mkubwa ndiye aliyemnunulia asubuhi ile, huko mjini kwake, na mtandao ukaifikisha puani kwa baba kabla pasi haijapata moto.

Ndivyo walivyoishi tangu msiba. Watoto watatu, miji mitatu, na kila mmoja akimng'ang'ania baba akae kwake. Kaka wa kati, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kumbukumbu za benki zinasema kitu kimoja kwenye kompyuta za kila mji, alimtoa baba nakala tatu, ugomvi ukaisha. Alilofanyiwa mmoja, wote walikuwa nalo. Sharti lilikuwa moja tu.

"Mtandao ukikatika halafu ukarudi," aliwaambia, "nakala mbili zinazokubaliana ndizo baba. Ya tatu itazifuata."

Basi tingatinga la barabara likakata waya wa mtandao wa mji wa dobi. Kaka wawili wakaendelea kuwasiliana wao kwa wao, na baba wa dobi akabaki na binti yake peke yake.

Zilikuwa siku tamu, jamani. Baba alikunja mashati kama alivyozoea kukunja magazeti yake alipokuwa hai, akamtania dobi kwa pengo lake la utotoni, akamuulizia hata yule paka mwizi wa samaki. Dobi alicheka mpaka akamwaga maji ya kunyunyizia nguo. Jioni moja baba aliinua sketi ya sare, akaitazama sana.

"Yako ilikuwa na viraka viwili hapa nyuma," alisema.

"Kumbe unaikumbuka?"

"Nilikutoa shule ili kaka zako wasome, kisha nikawaambia watu kwamba uliacha mwenyewe. Nilikukosea, mwanangu."

Dobi alilia kwa sauti, shati la mteja mkononi. Miaka yote hiyo alikuwa akilisubiri neno hilo, na sasa alichotaka ni likae tu.

Waya uliungwa kesho yake, mchana. Kaka wa kati akapiga simu.

"Mdogo wangu, nakala yako ina jambo ambalo zetu hazina. Nalifuta, zilingane."

"Usilifute, kaka. Wapeni na baba hao wa kwenu."

"Jambo gani kwani?"

Dobi akamweleza.

"Lakini wewe uliacha mwenyewe," alisema kaka kwa upole. "Sote tunajua hivyo. Wawili kwa mmoja, mdogo wangu."

Kwenye kigoda, baba alikohoa, akasogeza miwani, akaendelea kukunja.

"Hivi wewe," akauliza, "shule ilikuchosha nini hata ukaiacha?"

"Sikumbuki, baba," alisema dobi, akanyunyizia maji sketi iliyofuata.