Maji ya Wifi

Upepo uligeuka alasiri. Chiriku, aliyebandikwa jina hilo kwa mdomo wake usiopumzika, aliacha kupalilia, akainua shingo. Upepo ulitoka mlimani, mkavu, wenye meno.

Mpunga wake ulikuwa na mimba: suke changa bado limejificha ndani ya bua. Baridi ya usiku mmoja ingeliua humo humo, litoke tupu. Jaruba zima la mapepe yasiyo na punje, na ndilo jaruba pekee walilokuwa nalo. Dawa ilikuwa moja: maji yapande, yalifunike suke hadi kuche.

"Tujaze maji!" alimpigia kelele mumewe.

Mara akasikia mbubujiko. Mume alikuwa ameshafungua mlango wa mfereji.

"Ziba! Unatumaliza!"

"Si umesema tujaze?"

"Si kwa hayo! Tia mkono!"

Akautia, akauchomoa upesi. Maji ya mfereji yalishuka moja kwa moja kutoka mlimani. Wakaziba kwa matope, wakihema, lakini ukanda wa karibu na mlango ulikuwa umeshakunywa.

"Sasa tuchemshe kwenye sufuria?" mume aliuliza.

Chiriku alitazama jaruba la juu. Huko maji yalikuwa yamelala juani kutwa, vuguvugu. Yalikuwa ya wifi yake, dada wa mumewe, aliyechelewa kupanda msimu huu. Na Chiriku, mbele ya wanawake wote, alikuwa amemcheka: "Wifi, wewe utavuna sisi tumeshakula na kusahau!" Tangu siku hiyo hawakusemeshana.

"Niende mimi," mume alisema.

"Mdomo ni wangu. Naenda mwenyewe."

Wifi alikuwa juu ya tuta, anakwangua matope miguuni. Hakuinua uso.

"Wifi, naomba maji yako."

"Mfereji umekauka?"

"Umejaa baridi. Na mpunga wangu una mimba."

"Na huu wangu uliochelewa, nao unywe barafu?"

"Utanyong'onyea, wifi, uwe manjano. Lakini bado mchanga, utaamka. Wangu hauamki."

Jua lilikuwa limegusa kilele. Wifi aliendelea kukwangua unyayo.

"Nilikukosea," Chiriku alisema. "Nitalisema hilo mbele ya wote walionisikia."

"Utalisema huku unanipalilia." Wifi akashika jembe, akalikata tuta.

Maji yakateremka, polepole mno. Chiriku alisimama katikati ya mpunga, vidole vikipapasa uvimbe wa bua, giza likija, maji yakipanda kama yanayobembelezwa. Hatimaye yakaupita uvimbe.

Siku zikapita, masuke yakatoka. Kisha, moja baada ya jingine, yakaanza kuinama kwa uzito. Ukanda wa karibu na mlango tu ndio uliosimama wima, mweupe, mwepesi. Mume alikuwa akiupita ameangalia pembeni.

Chiriku alifungua mdomo amtanie. Akamwona wifi, kule juu, anamtazama. Akaufunga, akachukua jembe, akapanda kwenda kumpalilia.